Taa Iliyobandikwa Tepu: Risala ya Mafundi wa Maili Nne kwa Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Chepngetich, Mkurugenzi wa Mitihani ya Ufundi. Mwenyekiti wetu, Mzee Munene. Wazee na akina mama. Wateja wetu mliokubali kungojea magari yenu mpaka saa nane. Mafundi wenzetu: hamjambo nyote.

Sisi ni Kikundi cha Mafundi wa Cheche, hapa Maili Nne, Eldoret. Tuko thelathini na mmoja. Tumemtuma katibu wetu, Oketch, atusomee, maana ndiye peke yake asiyeanza kukohoa akipewa maikrofoni. Risala hii tumeiandika mara mbili. Ile ya kwanza ilikuwa tamu sana, ilikusifu kuanzia juu mpaka chini. Lakini kuna fundi mmoja aliyesomewa akakataa katakata. Alisema, "Mkitaka kunisimamia, semeni yote. Ama msiseme kitu." Kwa kuwa risala yenyewe inamhusu yeye, tulichana ile tamu tukaanza upya. Hii unayoisikia ni ile chungu.

KARIBU

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mheshimiwa, tumekungoja kwa hamu, na hatutakudanganya kwamba tumekungoja kwa ajili ya picha. Tuna ugonjwa, na dawa yake iko mikononi mwako. Chai utakayoletewa ni ya maziwa ya Burnt Forest, na aliyeyaleta, Mama Wacera, ameketi pale mbele na leso ya kijani. Utasikia habari zake baada ya kitambo kidogo.

TULIKOTOKA

Kazi yetu ni moto na moshi. Injini ya petroli haiendi bila cheche. Cheche hutolewa na plagi, na plagi hupewa nguvu na koili. Petroli ikishaungua, moshi wake hupita kwenye ekzosi, na humo ndani kuna chombo chenye matundu mengi madogo kama sega la nyuki, kinachousafisha kabla haujatufikia puani. Sisi hukiita masega. Moto ukiwa mzuri huku mbele, moshi unakuwa mzuri kule nyuma. Leo tunaisema kwa urahisi hivi, lakini ilituchukua miaka mingi kuielewa, na aliyetufundisha hakuwa fundi.

Mzee Munene alifungua gereji hii na sanduku moja la vifaa. Mwaka ule mbaya, wa ghasia za baada ya uchaguzi, gereji ilichomwa ikabaki majivu. Sanduku likaokolewa na rafiki yake, Mzee Kipyego, aliyelificha chini ya mahindi ghalani kwake Turbo kwa miezi mitano. Liliporudi, hata spana moja haikupungua. Ndani yake mlikuwa na kipande cha msumeno wa kukatia chuma, na kipande hicho ndicho Mzee alichotumia kupimia pengo la plagi, ule mwanya mdogo ambao cheche huuruka. Alikuwa akitwambia, "Blade moja kwa gari ndogo, mbili kwa kubwa, na usiniulize tena." Hatukuuliza tena. Ukizingatia mahali kipande kile kilipopita, nani angethubutu?

FUNDI TUNAYEKULETEA

Ng'ambo ya barabara kuna duka la spea. Nyuma ya kaunta yake, kwa miaka sita, alisimama mwanamke wa Soy anayeitwa Jerop. Aliacha shule akiwa Kidato cha Pili. Kazi yake ilikuwa kutuuzia plagi, na kazi yetu ilikuwa kumharakisha.

Jerop ana tabia ya kuangalia. Aliona kwamba tunarudi kununua plagi za gari lile lile, mwezi huu na mwezi ujao. Aliona pia kwamba kila boksi la plagi lina karatasi ndogo ndani, imekunjwa mara nne, nasi tunaitupa pale pale mlangoni kwake. Alikuwa akizifagia jioni. Siku moja akaikunjua moja badala ya kuifagia, akaisoma, na kesho yake akasoma nyingine. Alituambia baadaye kwamba mwanzoni alielewa michoro tu, na maneno akamwuliza mwanawe wa shule ya upili. Kuuliza si ujinga. Mwaka ulipoisha alikuwa na katoni nzima ya karatasi tulizozitupa, na alijua pengo la plagi ya kila gari linaloingia uwanja huu. Sisi tulikuwa bado tunajua blade moja na blade mbili.

Sasa tufike kwa Mama Wacera. Gari lake la maziwa lilikuwa likichoka kwenye milima ya kutoka Burnt Forest, mpaka maziwa yanafika yameganda na wateja wamekasirika. Akatuletea. Mzee Munene akasema ni masega yameziba, na kweli yalikuwa yameziba. Tukayakata, tukayaweka kando, tukaunga bomba tupu. Gari likapata nguvu siku nne. Siku ya tano likarudi linatetemeka, linanuka petroli, na kwenye dashibodi imewaka ile taa ya manjano yenye umbo la injini. Mheshimiwa, tulifanya nini? Tulikata kipande cha tepu nyeusi tukaibandika ile taa. Mama Wacera akaenda akidhani amepona.

Aliporudi mara ya tatu, Jerop alivuka barabara. Alijua akikosea atachekwa mpaka Krismasi, na asipokosea mambo yatakuwa mabaya zaidi. Alisimama mbele ya Mzee akiwa na aproni ya duka.

"Mzee, samahani. Naomba kuona plagi za hiyo gari."

"Wewe? Si urudi kwa counter yako, Jerop. Mimi nilifungua injini kabla mamako aolewe."

"Najua, Mzee. Ndio nakuja kwako na si kwa hawa vijana."

Tulicheka. Mzee hakucheka. Akamtupia spana, na sote tukaelewa kwamba amempa nafasi ya kuaibika. Jerop akafungua plagi nne akazipanga juu ya gunia. Moja ilikuwa imevunjika ncha, ile ncha nyembamba kama uzi, kwa sababu ilisuguliwa kwa brashi ya waya na kufinywa hadi kipimo cha kipande cha msumeno. Tatu zilizobaki zilikuwa na pengo la karibu nusu ya linalotakiwa. Akatoa karatasi mfukoni akaikunjua.

"Mzee, hizi za siku hizi hazitaki kuguswa. Zinakuja zimepimwa. Tukizifinya, cheche inakuwa kadogo, petroli haiungui yote. Ile haijaungua inaenda kuungulia ndani ya masega, inayayeyusha. Masega haikuwa mgonjwa. Ilikuwa inauawa na plagi."

"Na taa?"

"Taa ilikuwa inatuambia, Mzee. Sisi ndio tuliifunga mdomo."

Alifunga plagi mpya, akabadilisha koili moja iliyokufa, akawasha. Gari likanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Jerop mwenyewe anasema hakusikia furaha hata kidogo wakati ule. Alimtazama Mzee akatamani yeye ndiye angekuwa amekosea.

Mzee Munene aliingia ndani akakaa muda. Alipotoka alikuwa na nyundo, msumari na kile kipande cha msumeno. Akakipigilia ukutani, juu kabisa. Akasema, "Kitu kilitoka kwa moto kikarudi. Kipumzike. Jerop, kesho uje na overall." Kipo nyuma yako, Mheshimiwa, ukigeuka utakiona. Masega mapya ya Mama Wacera tulimnunulia sisi kwa kuchangishana, na hilo hatulihesabu kama wema.

TULIYOYAFANYA TANGU HAPO

Miaka minne imepita. Hatukati tena masega ya mtu. Kuna mnunuzi aliyekuwa akipita kila Alhamisi kuyachukua yale tuliyoyakata, kwa ajili ya madini yaliyomo; siku hizi hapungi hata mkono. Kila gari linalokuja na taa inayowaka linaanzia kwa Jerop. Anasikiliza kwanza, kisha anaunganisha mashine ya kusoma hitilafu, kisha plagi, kisha koili, kisha vile vidude vinavyonusa moshi ndani ya ekzosi, na masega yanakuwa ya mwisho. Zamani sisi tulikuwa tukianzia mkiani. Kila anayefunga kazi huweka sahihi yake kwenye karatasi ya gari, likirudi ajulikane. Magari yenye sahihi ya Jerop yaliyowahi kurudi kwa kosa lake ni mawili, na yote mawili alikwenda kuomba radhi mwenyewe.

CHANGAMOTO

Changamoto ziko nyingi na tungeweza kukusomea mpaka giza liingie: matope, stima kukatika, choo. Leo hatutaki. Tunayo moja.

Kuanzia Januari, tumeambiwa, gereji isiyo na fundi mwenye cheti cha mfumo wa cheche na moshi haitaruhusiwa kuigusa kazi hiyo. Sheria ni nzuri, na sisi tulioziba taa kwa tepu hatuna mdomo wa kuipinga. Tulifurahi hata, kwa sababu tulijua fundi tunaye. Jerop alijaza fomu ya mtihani, ikarudi. Akajaza tena, ikarudi tena, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Hana cheti cha Kidato cha Nne." Hakuna aliyemwona wala aliyemwuliza plagi ni nini. Siku ile ya pili alikunja fomu mara nne, kama zile karatasi zake, akaitia katonini, akarudi kazini. Hakula mchana. Tulimwona, tukajifanya hatujamwona.

Kuna gereji mjini iliyotupatia wazo: tukodi cheti cha mtu, yeye aweke sahihi, Jerop afanye kazi. Baadhi yetu tulishaanza kupiga hesabu. Jerop akatuuliza, "Kwani hiyo si tepu ingine?" Wazo likafia hapo hapo.

JAMBO AMBALO TULITAKA KULIFICHA

Mficha uchi hazai, basi tunaendelea. Mheshimiwa, jana mchana dereva wako, Bwana Kim, alikuja kuangalia mahali pa kuegesha. Gari lilipoingia langoni, Jerop aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake.

"Hiyo gari inamisi, silinda moja haiwaki."

Bwana Kim akakubali. Akasema kupanda mlima ni shida, na linakunywa petroli kama mtu wa harusi. Jerop akaketi kwenye kiti cha dereva kutazama dashibodi, kisha akakwaruza kitu kwa ukucha. Ilikuwa tepu nyeusi. Chini yake taa ilikuwa ikiwaka.

"Kumbe hapa kuna taa!" Bwana Kim akacheka.

Sisi hatukucheka. Gari hilo lilipita hapa mwezi Machi, siku Jerop alipokuwa matangani Soy. Aliyebandika ni mwenzetu Vincent, wa mstari wa pili, mwenye kofia nyekundu. Wateja walikuwa wengi, naye alikuwa na haraka. Ameomba asimame ili umwone. Asante, Vincent, kaa. Yeye ndiye aliyeibandika, lakini tulioanzisha mtindo huo ni sisi sote.

Hapo ndipo risala tamu ilipochanwa. Wengi wetu tulisema gari litengenezwe kimyakimya, mgeni asijue, Jerop asiharibiwe bahati yake. Jerop alikuwa ameshika ile tepu kwenye kidole. Anasema aliogopa sana, kwa sababu aliiona Januari ikimfungia mlango, na akawaza mtihani anaoutaka kuliko kitu chochote. Kisha akasema yale maneno tuliyoanza nayo: semeni yote, ama msiseme kitu. Alitengeneza gari lako kwa ruhusa ya Bwana Kim, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Plagi nne, koili moja. Masega yako ni mazima, tumeyawahi.

OMBI

Mheshimiwa, hatuombi Jerop apewe cheti. Tunaomba apewe mtihani. Mwekeni mbele ya injini yoyote mnayotaka, na mkaguzi yeyote mnayemwamini, mwulizeni kwa mdomo na kwa mikono. Akianguka, tutafunga kazi hiyo Januari bila kelele na kutafuta mwingine. Lakini asiangushwe na karatasi kabla hajaguswa na swali.

Wala hatutaki utuamini kwa maneno, kwani umeshasikia sisi ni watu wa namna gani. Ukiingia garini leo, mwambie Bwana Kim ageuze ufunguo. Ile taa ya manjano itawaka, tepu haipo tena. Awashe injini, nawe uhesabu hadi tatu. Isipozima yenyewe, ichane risala hii uitupe dirishani, hatutauliza. Ikizima, tunakuomba jina la Jerop liitwe kwenye mtihani wa Novemba, wa mwisho kabla ya Januari.

Mungu akulinde barabarani, akupe macho ya kuona mikono ya watu wako, na akurudishe kwetu siku ambayo hatutakuwa na la kukuungamia.

Ni sisi, Kikundi cha Mafundi wa Cheche, Maili Nne, Eldoret.

Imesomwa na Oketch, katibu.

Sahihi ya aliyetengeneza gari la mgeni rasmi: Jerop.