Samaki Wangu Hawakula Tumbo Langu

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, na leo naomba asiniimbie mtu pambio kabla sijamaliza, maana maneno haya nimekaa nayo miaka mingi.

Mnanijua, mimi ni Nekesa, mke wa Wafula, wa Tuwan. Kabla ya ndoa nilifanya kazi kwa mwalimu mmoja mzungu hapa Kitale. Alipoenda kwao, miaka ile ya themanini, aliniachia tangi la kioo na samaki wawili, dume na jike, bapa kama sahani, wenye milia myeusi na mapezi marefu. Aliwaita samaki malaika. Alinifundisha kuwabadilishia maji kidogo kidogo na kuwatafutia viluwiluwi vya mbu. Baridi ya Kitale mnaijua, kwa hivyo stima ikipotea nilikuwa naelesha chupa ya maji moto humo ndani wasife.

Ndugu zangu, nilikaa miaka sita katika ndoa bila mtoto. Mama mkwe akawa anatoka Myanga kila mwezi kuja kuniangalia tumbo. Akiona wale samaki anasonya. Mwishowe akamwambia mume wangu ati hayo ni mapepo, yanameza watoto wangu. Achague, tangi litoke ama mimi nirudi kwetu. Wafula akanyamaza. Kule kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno ya mama yake.

Na mimi nikaogopa! Nikakubali kikundi cha maombi kije. Wengine wenu mmekaa hapa mbele, msiangalie chini. Wiki hiyo samaki walikuwa wametaga juu ya kipande cha kigae, mayai madogo kama punje za wimbi, na wote wawili wanayapepea kwa mapezi. Niliwaomba muombee mlangoni, kwa sababu samaki akishtuliwa akiwa na mayai huyaharibu mwenyewe. Nani alinisikia? Mlizunguka tangi, mkapiga kioo kwa viganja, mkakemea mpaka majirani wakatoka nje. Mkamwaga mafuta ya upako juu ya maji. Samaki kwa hofu wakageuka, wakayala mayai yote tukiona.

Kiongozi wenu akaninyooshea kidole. "Mmeona? Roho hiyo hiyo ndiyo imekula tumbo la huyu mama."

Mbele ya mume wangu, jamani! Nikatoa sauti ambayo sikujua ninayo. "Ni nyinyi mmewatisha. Tokeni kwangu."

Mkatoka mkisema nimepandwa na kichaa. Nikabaki nalia, nachota yale mafuta kwa kikombe, namwambia Mungu kama kosa ni la samaki aniambie mwenyewe, asitume watu. Wafula akaja na kikombe kingine. Tukachota pamoja.

Baada ya wiki mbili wakataga tena. Nilifunika tangi kwa leso, nikakataza wageni. Mama mkwe akafika kutoka Myanga, nafikiri alitaka kuona kama nimeshafunga virago. Nikamketisha, nikamwomba asiseme neno, nikainua pembe ya leso. Mayai yalikuwa yameanguliwa, na samaki jike alikuwa anawaokota watoto kwa kinywa. Mama akanishika mkono. "Si unaona anakula?"

Nikamwambia angoje. Samaki akaogelea mpaka upande wa pili, akawatema mmoja mmoja juu ya jani safi, wazima wote. Hivyo ndivyo wanavyohamisha watoto. Mama akainama karibu na kioo, akawatazama mpaka chai yake ikapoa.

"Nekesa," akasema, "kumbe ni sisi tuliwatisha."

Siku hiyo alimwambia Wafula kwamba mimi siendi popote.

Najua mnangoja niseme nilipata mapacha. Sikupata. Mpaka leo sijazaa, na nimesimama hapa nimeokolewa! Mungu alinitoa katika hofu yenu, akanirudishia mume na mama, na kwa hayo namshukuru kwa moyo wote. Wewe dada unayeangaliwa tumbo kila ukiingia kanisani, mtegemee Mungu huyo, hatakupigia kelele. Na mkitaka kuona wajukuu wa wale samaki, karibuni Tuwan. Ila mtaingia polepole, na mikono mtaiweka mfukoni.