Jicho la Kushoto la Bi Wei Pi-hsia

Marehemu Wei Pi-hsia alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 mjini Hsinchu, Taiwan, mtoto wa tatu wa watengeneza tambi za mchele. Wasifu huu anausoma binti yake, Shu-hui, ambaye tangu siku ya msiba hana raha. Sababu mtaisikia.

Pi-hsia akiwa darasa la nne, shavu lake la kushoto lilianza kubonyea. Ni ugonjwa adimu, unaokula nyama ya uso upande mmoja. Wenzake wakamwita Nusu Sura. "Nusu yangu inawatosha nyote!" akawajibu. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1963, akaingia kazi ya kuanika tambi kwenye upepo, upepo uleule uliomchoma jicho mpaka machozi yakamtoka.

Mwaka 1973 Fan Chin-tung alikuja kumposa. Mshenga alimkalisha Pi-hsia upande, shavu zima liwaelekee wageni. Yeye akageuka. "Kaka, tazama na huku, usije ukasema umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Nimeshaona," Chin-tung akacheka. "Chai inapoa, dada." Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba.

Miaka ilivyosonga, jicho lilizama ndani na kope zikagoma kukutana. Likakauka, likafanya kidonda. Kila usiku Shu-hui alilipaka dawa na kulifunga kwa plasta. Mdogo wake, Chien-hung, alikuwa kazini Kaohsiung, kusini. "Usimwambie," mama alisisitiza. "Ataacha kazi aje kunikodolea mimi." Alipokuja likizo, plasta ilisubiri mpaka alale.

Bi Pi-hsia alifariki nyumbani kwa homa ya mapafu tarehe 14 Novemba 2019, asubuhi. Chien-hung alifika saa moja baadaye. Shangazi Yu-lan alikuwa akilipapasa jicho lile, halifumbi.

"Jamani, maiti haachi jicho wazi bure! Ana kinyongo huyu. Wewe Chien-hung, ulikuwa wapi?"

Tangu hapo Chien-hung hali chakula, na hata sasa amesimama nje ya hema, hataki kulisogelea jeneza.

Shangazi, samahani, umekosea. Jicho hilo halijafumba lenyewe kwa miaka ishirini. Jioni ya siku ile aliyofariki, mimi Shu-hui nililipaka dawa, nikalibandika plasta kama kawaida, likafumba. Chien-hung, ingia ndani, mdogo wangu. Mama hakukuwekea kinyongo. Alikuficha ugonjwa wake tu, maana alikupenda mno.

Ameacha mume, Chin-tung, watoto wawili, wajukuu watatu na wifi yake Yu-lan.

Alale salama, macho yote mawili.