Mshono wa Ndani

Fundi rangi alikuwa ameketi ndani ya treni na ndoo zake, mgongo ukimuuma tangu jana. Mbele yake walikaa abiria wawili wasiojuana: mshonaji mwenye koti la harusi mapajani, na mzee mstaafu aliyependa ubishi kuliko chakula. Kabla treni haijafika hata kituo cha pili, mzee alishamdodosa mshonaji kwa nini amechelewa, akapata pa kuanzia.

"Yaani bwana harusi amekaa na fulana anakusubiri, wewe unakaa kufumua koti na kulishona upya kwa sababu ya mshono uliopinda chini ya bitana? Nani angeuona, mwanangu?"

"Hakuna, baba. Ila nilimwahidi Mungu moyoni kwamba ndani nitashona kama nje."

"Ahadi ya moyoni haina shahidi."

Mshonaji akacheka. "Kwenye Maandiko yupo mama aliyeomba midomo ikicheza tu, sauti haitoki, mpaka kuhani akadhani amelewa. Alipopata mtoto, si alimtoa kwa Mungu kama alivyoahidi? Nani angemdai?"

"Yule aliahidi mtoto. Mungu ana haja gani na bitana?"

"Hana. Mwenye haja ni mimi."

Mzee akafungua mdomo, treni ikafunga breki. Mshonaji akashuka na koti limeinuliwa juu kama bendera, mzee nyuma yake, bado anabisha.

Fundi rangi akashuka pia. Jana alisukuma kabati la mteja peke yake, apake ukuta wa nyuma ambao hautaonekana mpaka kabati lioze, kwa kuwa alijiahidi kimoyomoyo kutoruka ukuta. Wenzake walimcheka, naye akajiona juha. Sasa alibeba ndoo zake kifua mbele, utadhani bwana harusi ni yeye.