Ragnvald Tveito Anatoka Golini

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuwanoa makipa wa klabu yetu ya Skarvøy, Ragnvald Tveito anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba. Majirani wa uwanja sasa wataweza kulala mchana bila kelele zake.

Vijana hawajui kwamba naye aliwahi kudaka. Alidaka misimu mitatu tu. Klabu moja ya Ujerumani ilikuwa imemwita akafanye majaribio Jumatatu. Jumamosi tulikuwa na mechi ya kirafiki isiyo na maana yoyote. Kocha alimsihi apumzike, akagoma. Aliurukia mpira wa kona, akaudaka vizuri sana, kisha akajibamiza kwenye nguzo ya goli. Bega la kulia likavunjika, na mkono ule haukuinuka tena kupita sikio.

Glavu akapewa Odd Nesheim, beki, kwa sababu tu alikuwa mrefu. Timu iliyokuwa ikishika mkia ikaanza kushinda. Ragnvald alikaa jukwaani, mkono umefungwa shingoni, akimwombea Odd afungwe. "Niliomba mabao matano," alitusimulia kwenye chakula cha Krismasi. "Mungu akamfanya adake penalti."

Siku moja Odd alimfuata kwenye kiwanda cha samaki, alikokuwa akipanga chewa kwa mkono mmoja.

"Kaka, mimi kudaka sijui. Nabahatisha tu. Nifundishe."

"Nikufundishe uchukue nafasi yangu?"

"Nimeshaichukua. Nifundishe nisiitie aibu."

Wakaanza jioni ileile, baada ya kuondoa kwa koleo theluji iliyojaa golini. Baada ya miaka miwili, klabu ileile ya Ujerumani ikamsajili Odd. Aliyempeleka kivukoni ni Ragnvald. Mkewe, Gunnvor, anasema alirudi akamaliza sahani nzima ya keki za waffle peke yake.

Tangu hapo, kila kipa aliyemwelewa ameondoka. Wasiomwelewa tunao bado, na ndiyo maana tuko daraja la nne.

Alhamisi iliyopita, mazoezi ya mwisho, alitaka kusimama golini apigiwe penalti. Wachezaji wote wakapiga chini, taratibu, upande wake wa kushoto. Akadaka zote, uso ukazidi kukunjamana.

"Pigeni juu, nyie! Mmekuja kunizika?"

Maren Aune, kipa wa timu ya wanawake, akaupiga juu kulia kwa nguvu zake zote. Nyavu zikatikisika. Ragnvald akauokota mpira mwenyewe, akamrudishia.

"Angalau mmoja ananiheshimu," akasema. "Rudia."

Asante, Ragnvald. Tunakuombea kahawa ya moto, na Jumapili nyingi ambazo matokeo hayatakuhusu.