Fundi Eom Dalsu na Jemusi Iliyoimba kwa Pua

Tarehe 31 Machi, Fundi Eom Dalsu atakabidhi funguo za karakana ya ushirika wetu wa wavuna magogo, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane. Kamati imeomba maneno mafupi na ya furaha kwa ajili ya sherehe. Ufupi tutajitahidi. Furaha itakuja pale ilipokuwapo.

Alifika bonde la Gomne akiwa na miaka ishirini na saba, ametoka jeshini alikofundishwa kutengeneza malori. Alikuta jemusi tisa. Kila msomaji wa jarida hili anazijua: malori ya magurudumu kumi yaliyoletwa na Wamarekani wakati wa vita, yakauzwa kama mabaki, yakapandishwa milimani kubeba misonobari. Siku ile ya kwanza yalikuwa tayari mazee kuliko fundi mwenyewe.

Siku hizi kumezuka mtindo wa kuyasifu. Watu wa Seoul huja na kamera, hupiga picha boneti lililoliwa na kutu, kisha huandika kwamba huo ni uvumilivu wa watu wa milimani. Upuuzi mtupu. Tuliyatumia kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kututengenezea barabara ambayo lori jingine lingeweza kupita. Mtangazaji mmoja alimuuliza Fundi Eom kama anayapenda malori yake. Alijifuta grisi mikononi, akajibu: "Niyapende? Dada, haya yalitengenezwa kwa vita vya watu. Mimi napenda dereva ashuke kwa miguu yake miwili." Jibu hilo halikurushwa hewani.

Vipuri havikuwa vikiuzwa popote. Jemusi moja ikifa, ilizilisha zilizobaki. Lakini Fundi hakuruhusu hata nati moja ifunguliwe kabla hajamimina pombe ya mchele kwenye kila gurudumu na kuinama mara mbili mbele ya radieta. Wakati mmoja dereva Pyo Manho aliinywa pombe hiyo akidhani ni ya chakula cha mchana. Fundi alimsimamisha kwenye tope aombe radhi kwa lori.

"Sikusikii," alimwambia.

"Samahani, mzee," akanong'ona Manho.

"Paza sauti! Lina miaka sitini, masikio yamekufa!"

Karakana nzima ilicheka hadi vyuma vikalia.

Chakula chake cha mchana alikula kwa Mama Suran, anayeuza supu ya samaki mkavu pale njia panda. Mumewe, Tak Giho, alikuwa dereva wetu hodari na rafiki mkubwa wa Fundi. Walikuwa wakiitana kaka. Kutoka meza ya dirishani Fundi aliyasikia malori yakipanda mlima, na aliweza kusema ni lipi na linaumwa wapi. Jemusi ya Giho ilijulikana na bonde zima: gia boksi yake ndogo, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ilikuwa na mlio mwembamba kama mtu anayeimba kwa pua. Mama Suran akiusikia mlio huo ukishuka, aliwasha jiko. Fundi akisikia mlio usiompendeza, aliinuka na kuacha bakuli likipoa. "Shemeji," Mama Suran alikuwa akimwambia, "siku moja nitakutoza zaidi kwa supu unazoacha kuliko unazokunywa."

Mwaka wa ishirini na nne wa utumishi wake, theluji ikiwa inayeyuka, aliinuka kwa namna nyingine. Mlio wa Giho ulikuwa umekatika katikati ya mteremko. Haukupungua, ulikatika. Fundi alikwisha fika mlangoni kabla sisi wengine hatujaelewa kwamba kumekuwa kimya.

Ukingo wa barabara ulikuwa umemeguka, lori likaporomoka na Giho ndani. Breki zilikaguliwa zikaonekana nzima, usukani mzima. Kisichokuwa kizima ni barabara, iliyoombewa ukuta wa mawe mwaka baada ya mwaka. Na kisichokuwa kizima zaidi ni dhamiri ya wenye mkataba waliodai mzigo mmoja wa ziada kabla tope halijafunga njia. Ripoti iliandika "ajali ya kimaumbile". Tunaandika hapa, kwa kuwa jarida hili ni letu, kwamba mlima haukumwajiri Giho.

Fundi aliivuta jemusi ile kwa winchi hadi nyuma ya karakana, akaifunika turubali, akapiga marufuku mtu kuigusa. Ilikuwa hivi: siku ya pili ya msiba, Mama Suran alimwambia, "Shemeji, usiwape watu wa vyuma chakavu." Alilipokea neno hilo kama kiapo. Kwa miaka kumi na minne jemusi nyingine zilikufa moja baada ya moja, zikafunguliwa hadi mifupa, na ile ya chini ya turubali haikutoa hata skrubu.

Februari hii ilibaki moja tu inayotembea, ya Manho. Ikapasuka gia boksi ndogo. Huko juu kulikuwa na magogo ya msimu mzima na wanaume watano wanaoyategemea. Kamati, ambayo haijawahi kununua spana bila kulalamika, ilitangaza kwa haraka ya ajabu kwamba lori lisipotembea kufikia mwisho wa mwezi litauzwa kwa kilo.

"Kaka," Manho alimwambia Fundi, "gia boksi iko moja hapo nyuma."

"Haipo."

"Naiona kutoka hapa nilipo."

"Manho, nimesema haipo."

Jioni ile Manho alikunywa pombe ya soju kwa Mama Suran, akamwaga maneno yote. Asubuhi mama huyo alikuja karakana na aproni yake, samaki mkavu kwapani, na hasira usoni.

"Shemeji, nasikia unamnyima Manho chuma kwa ajili yangu."

"Uliniambia nisiwape," alisema Fundi.

"Nilisema watu wa vyuma chakavu! Walikuja na mizani yao mume wangu hajazikwa. Nilitaka waondoke siku ile. Nani alikutuma ulifunike milele?"

Fundi aliitazama spana mkononi mwake.

"Unajua kwa nini nikienda sokoni nazunguka kilima chote? Kwa sababu ya turubali lako hilo. Magoti yangu haya! Nikajiambia, nivumilie, shemeji hawezi kuachana nalo, nikisema nitamvunja moyo."

"Mimi nilidhani ni wewe usiyeweza."

"Basi tumezeeka wajinga wawili," alisema Mama Suran, akaenda kuivuta kamba mwenyewe.

Chini ya turubali, jemusi ilikuwa na nyasi kwenye kiti. Fundi alimimina pombe gurudumu moja moja. Alipotaka kuinama, mama akamzuia: "Vua kofia kwanza. Giho aliichukia hiyo kofia." Akaivua. Aliinama mara mbili, na mara ya pili alichelewa kuinuka, ikabidi Manho amshike kiwiko.

Siku nne baadaye gia boksi ya Giho ilikuwa ndani ya lori la Manho, na samaki mkavu, kinga ya dereva, amefungwa kwa uzi mweupe chini ya boneti kwa mikono ya Mama Suran mwenyewe. Adhuhuri tukiwa mezani, tukausikia. Mlio ule mwembamba, wa puani, ukishuka mlimani. Mama Suran alikuwa amekwisha washa jiko kabla hajajua anachofanya. Alisimama akiutazama moto. Fundi aliinuka.

"Kaa, shemeji," alisema Mama Suran bila kugeuka. "Inashuka vizuri. Kunywa supu yako."

Akakaa. Bakuli lile alilimaliza, ingawa lilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyemtazama.

Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho kwetu. Magogo yameshuka na wanaume watano wamelipwa. Hakuna fundi aliyeajiriwa kushika nafasi yake, na msimu huu ukiisha jemusi ya Manho nayo itakwenda kwa kilo. Kamati ikisimama jukwaani kumkabidhi Fundi ngao ya heshima, wasomaji wakumbuke hilo wakati wa kupiga makofi. Nyuma ya karakana, ilipoondolewa jemusi ya Giho, pamebaki mstatili wa udongo mkavu usio na majani. Mama Suran sasa hupita hapo akienda sokoni.

Fundi Eom, asante kwa kila dereva aliyeshuka kwa miguu yake miwili, na asante kwa kumlinda hadi leo yule ambaye hakushuka. Tunakuombea afya, kiti cha dirishani, na majira marefu ya baridi bila kuamshwa na mtu. Na ukisikia lori likilia mlimani, mzee wetu, liache lilie. Supu iko moto.