Mama Alanyo Hataki Sifa za Msibani

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Rosalba Alanyo, mlezi wa wanafunzi wa chuo chetu hapa Kansanga, Kampala, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Abdu wa maktaba, kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe, na yeye mwenyewe amenipa masharti mawili. La kwanza, uandikwe kwa Kiswahili, lugha ya kambi ya polisi alikozaliwa na kulelewa. La pili, nisithubutu kuandika kwamba yeye ni mchangamfu na kipenzi cha wote. Nikithubutu, atasimama mbele ya wageni anikanushe. Namjua, atasimama kweli.

Basi nianze na ukweli. Mama Alanyo si mchangamfu. Sherehe zinamchosha, soda haipendi, na akianza kuimba, hata kwaya ya chuo huomba dua amalize. Chakula cha mchana hula peke yake, mlango ameufunga. Huyu ndiye aliyewasukuma vijana wasio na idadi kwenye kwaya, netiboli, mdahalo na ngoma, wengine wakinung'unika na wengine wakilia. Mkiona ajabu, subirini nieleze.

Alianza kama karani wa mabweni, mtu wa funguo, magodoro na balbu zilizoungua. Alikuwa mkali na mwenye mpangilio, na kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa na haja ya kujua mwanafunzi yupi ni nani, alimradi hakuvunja kitanda. Alipopandishwa kuwa mlezi aliendelea vivyo hivyo. Chuo kilikuwa kimetulia. Vijana walikuja darasani, wakarudi vyumbani, wakajifungia. Sote tulisema hiyo ndiyo nidhamu.

Kisha akafa Odoch. Alikuwa mwaka wa pili wa uhasibu, mtoto wa mwanajeshi kutoka Kitgum, kaskazini mwa nchi, akiishi peke yake katika chumba cha mwisho cha bweni la wavulana. Malaria ilimlaza siku kadhaa mle ndani. Hakuna aliyeuliza yuko wapi, kwa sababu hakuna mahali alipotarajiwa. Hakuwa kwenye timu wala kikundi. Mwalimu alidhani masomo yamemshinda, jirani alidhani amekwenda kwao. Mfagizi ndiye aliyemsikia akihema vibaya, akaita watu. Hospitali walisema malaria ile ilikuwa ya kutibika, tungewahi tu. Neno hilo linatuuma mpaka leo.

Tulisafiri na jeneza hadi Kitgum. Pale msibani, kama ilivyo desturi, mwongozaji alimwita rafiki wa marehemu kutoka chuoni aje aseme machache. Tulikuwa tumejaza basi zima, na hakuna aliyeinuka. Ndipo Mama Alanyo akachukua kipaza sauti kuokoa heshima ya chuo, akasema yale ambayo wakubwa husema kila msiba: kijana mchangamfu, kipenzi cha wote, nguzo ya timu ya mpira. Nasi tukaitikia kwa vichwa, Mungu atusamehe.

Mama mzazi akasimama. Hakupaza sauti. Alisema kwa Kiswahili cha kambi za jeshi, ili sisi wa Kampala tusikie vizuri: "Huyo unasema si mtoto yangu. Mtoto yangu alikuwa na mguu mbaya, mpira hakucheza hata siku moja. Wewe haukumjua." Halafu akakaa. Baadaye mjomba wa marehemu alitueleza, kwa upole uliotuumiza zaidi, kwamba Odoch ndiye aliyekuwa akipiga adungu kanisani kwao, na watu walitoka mbali kuja kumsikiliza. Kinubi hicho kilikuwa juu ya kabati chumbani kwake hapa Kansanga, kimefungwa kwenye shuka. Tulipokusanya vitu vyake tulidhani ni mzigo tu.

Wakati wa kurudi tulivuka Nile kwenye daraja la Karuma. Pale Mama Alanyo aliniambia, bila kunitazama, kwamba amemzika mtoto wa watu kwa sifa za mtu mwingine.

Muhula uliofuata akaja na vituko vyake. Mwanafunzi mpya hapewi ufunguo wa chumba mpaka achague kikundi. Kijana akisema amekuja kusoma tu, Mama Alanyo humjibu kwamba vizuri sana, basi asomee hapo hapo koridoni na begi lake. Wazazi walilalamika. Mkuu wa chuo wa wakati ule alimwita, akamkumbusha kwamba hiki ni chuo, si chama cha ngoma. Alisikiliza kwa adabu zote, akarudi mlangoni na funguo zake. Waliosema hawajui kuimba, kucheza wala kuzungumza mbele za watu aliwaundia kikundi chao, Wapanga Viti, kazi yao kupanga viti kwenye shughuli za wenzao na kula kilichobaki. Hicho ndicho kikundi chetu kikubwa kuliko vyote, msicheke. Na kila kikundi kikawa na sheria moja: mwenzenu asipoonekana mara mbili, wawili wenu mnakwenda kumgongea, uji mkononi.

Kuna atakayesimama leo aseme kwamba tangu hapo hatujampoteza mwanafunzi. Si kweli. Mwaka jana tulimpoteza Benedicte, binti mkimbizi kutoka Goma, mpanga viti hodari, mgonjwa wa selimundu tangu utotoni. Wenzake walijua kwamba maumivu yakianza lazima anywe maji mengi, walijua bodaboda yupi huendesha taratibu, na zaidi ya mara moja walimfikisha hospitali mapema. Hata mara ya mwisho walimfikisha mapema, na bado akafa. Inauma, na hakuna kikundi kinachoweza kuzuia kila kitu.

Mama yake alikuwa Goma, njia zimefungwa na vita. Tukamzika hapa Kampala sisi wenyewe, simu imeinuliwa juu ili mama asikie. Mama Alanyo alikaa nyuma kabisa, kipaza sauti hakukigusa. Wapanga Viti wakasimama mmoja baada ya mwingine. Walisema Benedicte aliunguza maharage kila zamu yake. Walisema aligombana na kile kiti chenye mguu mfupi hadi akakinunia, kwamba akicheka alijifunika uso na kitenge, kwamba ukimwita mgonjwa alikuwa hakusemeshi wiki nzima. Mwongozaji akawaomba wafupishe. Wapi! Tukawa tunacheka na kulia kwa pamoja. Kisha ikatoka sauti ya mama kwenye simu, kwa Kiswahili cha Goma, ambako "ndiye" husemwa "njo": "Njo yeye. Njo mutoto wangu kabisa." Nikamtazama Mama Alanyo. Alikuwa ameinama, uso magotini, mabega yanatikisika.

Sasa niseme jambo ambalo kamati ingependa niliruke. Nafasi ya mlezi haitajazwa. Funguo zimekabidhiwa kampuni ya ulinzi, na wanafunzi wapya wa Agosti watatumiwa ujumbe wa simu wenye majina ya vikundi, atakaye ajiunge. Atakaye! Mtoto mwenye aibu, mgeni wa mji, aliyejifungia chumbani, ndiye atakayejiunga kwa ujumbe wa simu? Tunadanganyana, jamani, na gharama yake tunaijua.

Kwa hiyo zawadi yetu haiwezi kuwa saa ya ukutani peke yake. Mimi, siku ya kwanza ya Agosti wanafunzi wakifika, nitasimama mlangoni mwa bweni la wavulana tangu asubuhi. Maktaba itafungwa, na anayetaka kunifukuza kazi anifukuze. Mlango wa bweni la wasichana bado hauna mtu. Nyinyi mnaosoma programu hii huku mkisubiri pilau, nawauliza: nani atasimama pale? Niambieni kabla ya sahani kuja, maana tukishashiba huwa hatukumbuki kitu.

Mama Alanyo, asante kwa ukali wako na ubishi wako, na kwa watoto wote wa watu uliowasumbua mpaka wakajulikana. Tunakutakia afya, mapumziko mema na kimya unachokipenda. Lakini usituamini bado. Njoo Agosti utukague.