Maji ya Kunawa

Ndani ya treni, fundi cherehani alitega sikio tangu muuguzi mstaafu wa kiti cha mbele aseme anakwenda kununua nyumba ya kupangisha, kwa kiinua mgongo chake chote.

"Umeikagua?" akauliza aliyeketi kando ya muuguzi, mama mwenye nyumba za kupangisha.

"Dalali kanitembeza, dada. Inang'aa."

"Hiyo ni rangi, mwenzangu. Mimi hubisha hodi kwa mpangaji, nikaomba maji ya kunawa. Akinichotea kwenye ndoo, najua bomba ni pambo. Nikiwa nanawa, namuuliza aliyemtangulia alihamia wapi, na kwa nini."

Fundi akabaki mdomo wazi. Kumbe nyumba hukaguliwa kwa viganja! Kituo chake kilishapita, wala hakujali.

Treni ikasimama. Muuguzi akashuka, simu ya dalali ikiita mkobani, akaiacha iite, akiitazama mikono yake.